Kazi Isiyoacha Karatasi

Serikali ilipotangaza nafasi 14,648 za ualimu, walioomba walikuwa 201,707. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) nayo, mwanzoni mwa 2025, ilikuwa na maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Gawanya mwenyewe: kila nafasi ya ualimu iligombewa na watu wapatao 14, na kila nafasi ya TRA na watu wapatao 85. Takwimu hizo zilipotoka, gumzo la Mwanza, kuanzia vijiwe vya Mabatini hadi vikao vya harusi, lilikuwa moja: hawa wengine wote watafanya nini? Swali hilo limekuja limechelewa. Tayari wanafanya. Hakuna mtu mzima anayekaa miaka mitano akitazama dari. Mmoja ni wakala wa fedha Buzuruga, mwingine anafundisha kwa tempo kwenye shule binafsi Nyegezi, wa tatu anaendesha bodaboda Buhongwa na jioni anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, wa nne anatunza daftari la tajiri wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Hawa ndio ninaotaka kuwazungumzia, na msimamo wangu nauweka mapema: kipato kidogo kinawaumiza, lakini kinachowaumiza kwa muda mrefu zaidi ni kufanya kazi ambayo haiachi karatasi yoyote nyuma yake. Mbaya zaidi, zipo sababu za kiuchumi zinazowafanya mhitimu na mwajiri wake wakubaliane, kila mmoja kwa hesabu zake, kuikwepa karatasi hiyo.

Wazazi wetu hawakuijua shida hii, na ndiyo maana ushauri wao mara nyingi hauwasaidii watoto wao. Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilianza na wanafunzi 14 wa sheria. Nchi nzima ilikuwa inawasubiri. Kwa miaka mingi baada ya hapo mhitimu alipangiwa kituo, akapewa nauli, akaripoti. Hapa Kanda ya Ziwa zaidi ya serikali kulikuwa na ushirika wa pamba uliojengwa na akina Paul Bomani, kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex, kulikuwa na mashirika ya umma yaliyohitaji mhasibu, afisa ugavi na karani mkuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlango ukaanza kufungwa: utumishi wa umma ukapunguzwa kwa makumi ya maelfu ya watu, viwanda vikafa au vikabadili wamiliki, ushirika ukazama kwenye madeni. Katika muongo huohuo milango ya vyuo ikaanza kufunguka. Taasisi ya Nyegezi iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960 ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, Bugando ikapata chuo chake cha tiba mwaka 2003, na vyuo vya biashara na fedha vyenye makao Dar es Salaam vikafungua matawi hapa. Mambo yote mawili yalikuwa na sababu zake, na sioni aibu kusema kwamba kufungua vyuo lilikuwa jambo jema. Ila mzee aliyehitimu mwaka 1975 akimwambia mwanawe "tulia, utapangiwa," anazungumzia nchi nyingine.

Sasa tuangalie foleni yenyewe ya ajira za serikali inavyofanya kazi. Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kumaliza tatizo la ajira kwa mkupuo: serikali iongeze wafanyakazi kwa asilimia 15, sekta binafsi kwa asilimia 10, na vyama visidai nyongeza ya mishahara. Matokeo yake watu wengi zaidi waliacha mashamba wakaja mjini kuandikishwa, na waliosubiri kazi wakaongezeka badala ya kupungua. Wachumi John Harris na Michael Todaro, waliokuwa wameyaona mambo hayo ya Afrika Mashariki kwa karibu, wakaandika mwaka 1970 nadharia ambayo mpaka leo hufundishwa kila mahali: mtu hapimi mshahara peke yake, anapima mshahara mara uwezekano wa kuupata. Kazi nzuri sana yenye uwezekano mdogo inaweza kumvuta mtu kuliko kazi ya wastani iliyo mlangoni kwake. Ajira ya serikali ina mshahara usiochelewa, bima, pensheni, mkopo wa benki, na heshima ukweni. Kima cha chini serikalini kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na hicho ni kwa ngazi ya chini kabisa. Kwa hiyo mwalimu anayesubiri tangazo si mjinga. Hesabu yake ni sahihi kabisa kwa upande wake yeye. Tatizo ni wengine 201,706 wenye hesabu hiyohiyo.

Kinachosahaulika katika nadharia hiyo ni kile mtu anachokifanya akiwa kwenye foleni. Anatafuta kazi ya kumvusha, na anaichagua kwa sifa moja kuu: isimfunge. Anataka awe na uhuru wa kuondoka kesho jina likitoka kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini. Mwajiri naye si mtoto. Anajua kabisa kwamba huyu binti mwenye shahada ataondoka siku atakayoitwa, kwa hiyo hamfundishi mfumo mpya, hamkabidhi wateja wakubwa, hamwandikii mkataba, hampandishi. Binti akiona hapandishwi, anazidi kuangalia simu. Kila mmoja anathibitisha shaka ya mwenzake. Miaka minne inapita namna hiyo, na mwisho wa miaka minne hakuna aliyemdhulumu mwenzake kwa kukusudia, ila mmoja wao ana duka na mwingine ana umri wa miaka 29.

Mwaloni nilimfahamu mhitimu mmoja wa uhasibu, mtoto wa mfugaji wa Kwimba aliyesomeshwa kwa ng'ombe. Alikuwa anatunza kaunta buku la mama mmoja anayekusanya dagaa kutoka visiwani na kuwauzia wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Burundi. Nilipolifungua lile daftari nilikaa nalo kwa muda. Kila shehena ilikuwa na bei ya kisiwani, nauli ya boti, ushuru, wapakuzi, wapakiaji, na safu ya pekee aliyoiita "upungufu," yaani kilo zinazopotea dagaa wanapozidi kukauka njiani. Dagaa waliokaushwa juu ya chanja aliwatenga na wale wa mchangani, kwa sababu wa mchangani mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku na bei yake ni nyingine. Deni la kila mnunuzi lilikuwa na tarehe. Na kurasa hazikugawanywa kwa miezi ya kalenda: zilifuata mwezi wa angani, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka uvuvi husimama. Giza likianza, fedha inatoka. Mbalamwezi ikiingia, madeni yanakusanywa. Chuoni tunafundisha jambo hili kwa jina la usimamizi wa mtiririko wa fedha, tena kwa mifano ya viwanda ambavyo mwanafunzi hajawahi kuviona.

Kisha akanipa wasifu wake niusome. Baada ya mwaka aliohitimu hapakuwa na kitu. Sentensi iliyofuata ilikuwa majina ya wadhamini.

"Na hii ya Mwaloni mbona hujaiweka?"

"Ile si kazi, mwalimu. Namsaidia tu mama."

Mama huyo hakuwa mzazi wake wala ndugu. Walikuwa wakiitana mama na mwanangu, kama desturi ya soko ilivyo, na chini ya kivuli cha undugu huo hapakuwa na mkataba, wala hati ya malipo, wala siku ya mapumziko inayojulikana. Simlaumu yule mama. Alimlisha, alimlipa kwa wakati, alimwamini na fedha ambazo ofisi nyingi zisingemwamini nazo. Lakini kwa macho ya mtu yeyote wa nje, benki, kiwanda cha samaki au mgodi wa Geita, miaka ile haikuwahi kuwepo.

Kuna sababu nyingine ya kukwepa karatasi ambayo wanasiasa hawapendi kuigusa, nayo ni makato. Mhitimu aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mei Mosi ya 2021, iliyofanyika hapahapa Mwanza, Rais Samia alitangaza kuondolewa kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na ilikuwa nafuu kubwa. Asilimia 15 ilibaki, na haijali kama mshahara ni mkubwa au mdogo. Chukua binti mhitimu anayepewa mkataba halali wa shilingi 350,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua 35,000. Bodi inachukua 52,500. Kodi ya mshahara, kwa kiwango cha asilimia 8 juu ya kinachozidi 270,000 baada ya kuondoa NSSF, ni 3,600. Anabaki na 258,900. Mwajiri kwa upande wake analipa NSSF 35,000 nyingine, ukiacha michango mingine midogo, kwa hiyo mfanyakazi huyo anamgharimu 385,000. Hapo ndipo tajiri anaposema kwa sauti ya upole: kwa nini tusumbuane, nikupe laki tatu mkononi? Binti anapata 41,100 zaidi kila mwezi, tajiri anaokoa 85,000, wanapeana mikono.

Ukiipiga hesabu hiyo kwa mwaka unaona nani kaliwa. Binti amepata 493,200 taslimu. Amepoteza 840,000 ambazo zingeingia kwenye akaunti yake ya NSSF, pamoja na haki ya kudai fao la upotevu wa ajira baada ya kuchangia muda wa kutosha, na deni lake Bodi halikupungua kwa 630,000 ambazo zingekatwa. Jumla amepoteza karibu mara tatu ya alichopata, na bado hana ushahidi kwamba alikuwa kazini. Lakini mwenye nyumba Igoma anadai kodi sasa, na fao la NSSF halilipi kodi ya mwezi huu. Ninapowasikia watu wakisema vijana hawaoni mbali, natamani wajaribu kuona mbali kwa 258,900.

Huko kwenye takwimu za taifa mambo haya hayaonekani. Utafiti wa Nguvukazi wa 2020/21 ulikuta ukosefu wa ajira nchini ni asilimia 9.0. Mtu akiisoma namba hiyo peke yake anaweza kudhani tuna nafuu kuliko nchi nyingi. Lakini wakala wa Buzuruga aliyesoma ugavi, anayefungua kibanda saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, hayumo humo: ameajiriwa. Hayumo hata kwenye kundi la wenye kazi pungufu, kwa sababu vigezo vya Shirika la Kazi Duniani vilivyoafikiwa mwaka 2013 vinapima upungufu wa saa, yaani mtu anayefanya saa chache na anataka nyingi zaidi. Yeye anafanya saa 14. Kwa takwimu amezidisha kazi. Kipimo cha elimu kutolingana na kazi kipo kwenye mijadala ya wataalamu kwa miongo kadhaa, lakini hakijapata kiti kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa. Na kisicho kwenye ukurasa wa kwanza hakipati bajeti.

Sasa niwajibu wanaosema wahitimu wanachagua kazi. Hoja hii huwa naisikia kwa watu walioajiriwa. Mtu anayebeba hesabu ya bodaboda ya kila siku akiwa na shahada ya maendeleo ya jamii amechagua nini? Hata anayekataa kazi ya laki moja na nusu akiwa anaishi kwa kaka yake, mara nyingi anakataa kwa sababu nauli ya Kisesa hadi mjini kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha mchana, inamaliza fedha hiyo kabla ya mwezi kuisha. Hilo si kuchagua, ni kujumlisha.

Wapo wanaosema jiajiri. Hawa ni wengi zaidi, na wana maikrofoni. Sipingi kujiajiri, napinga kulifanya neno hilo jibu la kila swali. Chukua ufugaji wa samaki kwenye vizimba, ambao serikali imeusukuma Kanda ya Ziwa kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Ni jambo zuri, na ziwa lina nafasi. Lakini sato anahitaji miezi kadhaa kabla ya kuvunwa, na katika miezi hiyo chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama. Maji ya chini yenye hewa kidogo yakipanda juu usiku mmoja, kama yanavyofanya wakati mwingine, samaki wote wanaelea asubuhi. Anayehimili pigo hilo ni mwenye vizimba vingi, au mwenye biashara nyingine, au mwenye uzoefu. Mhitimu wa uongozi wa rasilimali watu asiyejua hata kutupa nyavu, aliyeunganishwa kwenye kikundi ili apate asilimia 4 ya vijana kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, anakuwa amebebeshwa hatari ambayo benki ya kibiashara isingeipokea kirahisi. Wengi wanaojiajiri vizuri ninaowajua hapa Mwanza waliwahi kwanza kuajiriwa kwenye biashara ileile. Walijifunza kwa hasara ya mtu mwingine.

Halafu wapo wanaosema shahada haina maana, angeenda VETA. Tunahitaji mafundi, na mtoto anayependa ufundi asizuiwe. Lakini fundi asiye na mtaji wala wateja naye yuko kijiweni. Tena kwenye suala la karatasi fundi ana nafuu moja ambayo mhitimu hana: VETA ina utaratibu wa kuwapima watu waliojifunza kazi mtaani, fundi seremala, mpishi, fundi magari, na kuwapa cheti cha ujuzi walionao. Seremala wa Mkuyuni ambaye hakumaliza la saba anaweza kurasimisha miaka yake kumi ya randa na msumeno. Yule binti wa Mwaloni, mwenye shahada, hana mahali pa kwenda kupimwa kwa miaka yake ya daftari.

Kuhusu kurudi chuoni kuchukua shahada ya pili ili muda usogee, nitasema kwa kifupi: asiyelipiwa na mtu mwingine, na asiye na kazi inayoidai shahada hiyo, asiende. Mwaka 1976 Ronald Dore aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huu wa vyeti, akieleza jinsi waajiri wanavyopandisha kiwango kila waombaji wanapoongezeka, mpaka kazi iliyofanywa na wa darasa la kumi na mbili inadai shahada bila kazi yenyewe kubadilika. Shahada ya pili inakusogeza mbele kwenye foleni mpaka wenzako nao wanapoipata.

Je, mtu aliyeanza chini anaweza kupanda? Anaweza, na tunajua kwa njia gani. Uchunguzi wa wahitimu wa Kanada walioingia sokoni wakati uchumi umedorora, uliochapishwa mwaka 2012 na Philip Oreopoulos na wenzake, ulionyesha kwamba mwanzoni walipata karibu asilimia 9 pungufu ya wenzao wa miaka mizuri, na pengo hilo likafifia ndani ya takriban miaka kumi. Kilichowatoa ni kuhama: waliacha waajiri wadogo wanaolipa kidogo wakaenda kwa wakubwa, hatua kwa hatua. Kanada si Mwanza, lakini utaratibu wenyewe unafahamika. Ili mtu ahame, mwajiri wa pili lazima aweze kuona alichokifanya kwa wa kwanza. Huko kila kazi ina kumbukumbu bila mfanyakazi kuiomba. Kwetu kumbukumbu hiyo inabidi uitengeneze wewe mwenyewe.

Kwa hiyo ninawashauri wahitimu waendelee kuomba serikalini, ila wakome kupanga maisha kwa kalenda ya Ajira Portal. Na wajue kwamba hofu ya kufungwa na mkataba haina msingi mkubwa. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28; kati ya usaili na kuripoti kituoni siku hizo kwa kawaida zinapatikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na shauri likitokea akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Sheria hiyohiyo inamtaka, ajira inapokoma, atoe cheti cha utumishi. Nimekutana na wahitimu wa sheria ambao hawakuwahi kukidai.

Najua tajiri wa soko hataandika barua. Iandike wewe. Ukurasa mmoja: jina la biashara, tarehe ulipoanza, majukumu yako kwa vitenzi vilivyo wazi na kwa idadi (shehena ngapi kwa mwezi, wadaiwa wangapi, mizani ya nani), na namba ya simu ya kuulizia. Mpelekee asome, atie sahihi na muhuri. Yule mama wa Mwaloni aliposomewa barua ya namna hiyo alitaka kwanza iongezwe kwamba binti hajawahi kupoteza hata senti. Ilikuwa kweli, na ndiyo sentensi ambayo mwajiri yeyote angeitafuta. Kama malipo yanapitia simu, usifute ujumbe. Kama ni tempo, omba ratiba ya vipindi yenye jina lako na matokeo ya darasa lako. Kama ni kujitolea ofisini, miezi sita yenye orodha ya majukumu inatosha; ukizidisha hapo unafanya kazi ya bure.

Jambo la pili ni bodi za kitaaluma, kwa sababu bodi hutoa karatasi ambayo tajiri hawezi kukunyima. Mhasibu anayekaa Mwaloni anaweza kufanya mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ambayo hufanyika Mei na Novemba, hatua kwa hatua kadiri fedha inavyoruhusu. Aliyesoma ugavi ana bodi yake, PSPTB. Mhandisi ana mpango wa Bodi ya Wahandisi wa kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu. Walimu nao wanahitaji ngazi kama hizo, na hilo ni jambo ambalo chama chao kingepaswa kulipigania kwa nguvu ileile kinayoitumia kupigania posho.

Na unapochagua kati ya kazi mbili za chini, angalia iko kwenye mnyororo gani. Karani wa kupokea samaki kwenye kiwanda cha sangara anaweza kulipwa pungufu ya wakala mwenye kibanda kizuri. Lakini tangu Umoja wa Ulaya ulipofungia samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, viwanda hivi vinaishi kwa kumbukumbu: joto, tarehe, chombo, mwalo alikotoka samaki. Anayejua kumbukumbu hizo anahitajika kiwandani kwingine, na hata Kisumu au Entebbe. Kamisheni ya wakala haimfundishi mtu kitu baada ya mwezi wa tatu.

Familia nazo zina sehemu yao. Mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza. Ila akimtambulisha mwanawe mbele ya wageni kama "bado hajapata kazi" wakati anaingiza fedha ya unga kila wiki, anamfundisha kuificha kazi yake, na mtu anayeificha kazi yake hawezi kuidai karatasi yake.

Yaliyobaki ni ya serikali, na sitayagawa kwa wizara. Usaili wa walimu kufanyika mikoani, badala ya kuwasafirisha watu karibu kilomita 700 kwenda Dodoma na kulala gesti, ulikuwa uamuzi mzuri na uendelee kwa kada zote. Wanaofaulu usaili nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata. Basi mwombaji ajue yuko wa ngapi na jina lake linafutwa lini, apange maisha. Utaratibu wa VETA wa kupima ujuzi uliopatikana kazini upanuliwe ufike kwenye kazi za vitabu vya hesabu, ghala, mauzo na usafirishaji, na Mwaloni ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu wapimwaji wamejaa pale.

Na Bodi ya Mikopo iweke kiwango cha kipato ambacho chini yake haikati kitu, na juu yake ikate kwa kinachozidi tu. Uingereza hufanya hivyo kwa asilimia 9 ya kinachozidi kiwango, na Australia imekuwa ikilipisha kulingana na kipato tangu 1989. Najua jibu litakalokuja: Bodi itapoteza makusanyo, na kuna wanafunzi wapya wanaosubiri fedha hizo. Lakini kutoka kwa binti wa laki tatu mkononi Bodi haikusanyi chochote hivi sasa. Haijui hata yuko wapi. Akiwa na mkataba wa 350,000 usiokatwa leo, jina lake na mwajiri wake viko kwenye mfumo, na mwaka atakaofika laki sita makato yanaanza bila mtu kutumwa kumtafuta.